Ukuta Usio na Mfupa

Mhadhara kwa umma kuhusu sehemu ya mbele ya tumbo, jinsi ilivyosukwa na milango iliyomo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, madaktari na wauguzi mliotoka zamu mkaja hapa moja kwa moja, wakunga, wasusi wa mikeka na mafundi cherehani ambao niliomba waalikwe kwa sababu itakayoeleweka mbele ya safari, mabibi na mabwana, najua mada yangu haina mvuto wa moyo. Moyo una washairi wake tangu zamani. Tumbo nalo lina misemo tele, ila karibu yote ni ya njaa na ulafi. Ukuta unaolishikilia lisimwagike haujapata msifaji.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba nguvu ya ukuta wa mbele wa tumbo haitokani na unene wake bali na namna ulivyosukwa. Mwenye kulielewa hilo ataelewa kwa nini ngiri, yaani utumbo kutokeza kupitia tundu la ukuta huo, hutokea mahali pachache tu panapojulikana, kwa nini dawa ya kunywa haiwezi kuifunga, na kwa nini tiba yake iko karibu zaidi na kazi ya fundi wa nguo kuliko ya muuza dawa. Nitatoa hoja nne. Ya tatu itakuwa ndefu kuliko nyingine, kwani ndiyo yenye ubishi.

Kwanza naomba kila mmoja aweke kiganja chini ya kitovu, kisha akohoe. Msione haya, wote tunafanya. Mmeuhisi ulivyokakamaa na kusukuma mkono? Mtu akikohoa amesimama, shinikizo ndani ya tumbo lake laweza kupita milimita 100 za zebaki, yaani linakaribia lile la damu ambalo muuguzi hulipima mkononi moyo unapopiga. Na kati ya shinikizo hilo na kiganja chako hapakuwa na mfupa hata mmoja.

Hoja ya kwanza: kukosa mfupa si upungufu

Kifua kina mbavu, mgongo una pingili, nyonga imezungukwa na mifupa mipana. Mbele, kuanzia ncha za mbavu hadi mfupa wa kinena, pako wazi. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mahali penye ini, tumbo la chakula, utumbo na kibofu paachwe bila ngao. Jibu liko katika kazi za kila siku. Kila tunapovuta pumzi, kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo hushuka, na vilivyo chini yake lazima vipate pa kwenda. Huenda mbele, ndiyo maana tumbo la mtoto aliyelala huinuka na kushuka. Mlo mkubwa nao unahitaji nafasi. Mimba inahitaji nafasi zaidi, tena kwa miezi tisa, na baada ya hapo ukuta urudi karibu na ulivyokuwa. Mkulima huinama, mwenye kuswali hurukuu na kusujudu, mvuvi hujipinda kuvuta jarife. Ngao ya mfupa ingeyazuia yote hayo. Kilichohitajika ni kitu kinachotanuka, kinachokaza ghafla na kinachopinda pande zote bila kuchanika, na vifaa vilivyokuwapo ni nyama na kano tu. Hoja hii haina ubishi mwingi, nasonga mbele.

Hoja ya pili: ukuta huu ni mkeka

Chini ya ngozi na mafuta, pembeni mwa tumbo, kuna misuli mitatu mipana iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Nyuzi za msuli wa nje hushuka kuelekea mbele na chini, kama vidole vya mtu aliyetia mikono mifukoni. Nyuzi za msuli wa kati, kwa sehemu kubwa, hupanda kinyume chake, zikikatiza zile za kwanza. Nyuzi za msuli wa ndani huzunguka mlalo, mfano wa mkanda. Hakuna hata mmoja kati yao ulio mnene. Mkandarasi anayejua mbao za kubandikwa atanielewa: mbao tatu nyembamba zilizogundishwa kwa mielekeo tofauti hushinda ubao mmoja mnene, maana ufa ukitaka kufuata nyuzi za ubao wa kwanza hugongana na nyuzi za ubao wa pili.

Misuli hii ikikaribia mbele huacha kuwa nyama na kuwa shuka nyeupe za kano. Shuka hizo huifunika misuli miwili iliyosimama wima kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye gegedu za mbavu, kulia na kushoto, kisha hukutana katikati. Misuli hiyo ya wima hukatwa na vipande vya kano, mara nyingi vitatu kila upande, na ndiyo inayowafanya vijana wetu wasimame mbele ya kioo wakihesabu matuta. Wahesabu watakavyo, idadi ya matuta ni suala la kuzaliwa, mazoezi huyafanya yaonekane tu.

Mkutano wa katikati ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu. Nyuzi za kano kutoka kulia huvuka zikaingiliana na zile za kushoto, zikafanya ukanda mweupe unaoteremka kutoka kidari hadi kinena. Tuuite mstari mweupe. Kwa mama mjamzito, ngozi iliyo juu yake mara nyingi hupata mstari mweusi, kana kwamba mtu amechora kwa wino mahali mshono ulipo. Na kweli ni mshono. Msusi wa mkeka hasuki mkeka mzima kwa mara moja: husuka ukili mrefu mwembamba, kisha huuzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu. Mkeka mzuri ukizeeka, hutazami katikati ya ukili kutafuta mahali palipoachia. Unatazama maungio.

Mshono huu una sifa nyingine: hauna nyama, na damu yake ni kidogo. Wapasuaji wa leo huingia tumboni kwa njia hiyo wanapokuwa na haraka. Wala maarifa hayo hayakuwa ya vyuo vya Ulaya peke yake. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, ndani ya Uganda ya leo, mama akipasuliwa ili mtoto atolewe. Taarifa yake ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa. Mkato ulikuwa mmoja, wa haraka, katikati kabisa, kuanzia juu kidogo ya mfupa wa kinena hadi chini ya kitovu. Penye kutoka damu paliguswa kwa chuma cha moto. Mwishowe kingo za jeraha ziliunganishwa kwa pini saba za chuma zilizong'arishwa, zikakazwa kwa uzi uliotokana na gome la mti, na juu yake ukapakwa ujiuji wa mizizi iliyotafunwa. Felkin alipoondoka siku ya kumi na moja, mama na mtoto walikuwa wazima. Atakayesema mkato ulipita katikati kwa bahati aitazame kazi yote kwa mpangilio wake: wasaidizi waliojua pa kushika, chuma kilichokuwa tayari motoni, pini zilizotengenezwa kabla. Hiyo si kazi ya mtu anayebahatisha, na mimi siamini kwamba aliyejua yote hayo hakujua pa kukata.

Hapa napokea pingamizi la haki. Mkeka haujikazi wenyewe, na ukuta wa tumbo hujikaza. Ni kweli, na hapo ndipo mfano wangu unapofika ukomo. Kila tabaka la misuli hii hupata amri kupitia neva zinazotoka uti wa mgongo, kuanzia ya saba ya kifua hadi ya kwanza ya kiuno, zikipita kati ya msuli wa kati na ule wa ndani. Ile ya kumi ya kifua ndiyo inayohudumia ngozi ya kitovu. Mpasuaji akikata kwa urefu pembeni mwa msuli wa wima, atashona vizuri, ngozi itapona vizuri, lakini neva zinazoingia kwenye msuli zitakuwa zimekatika, na miezi ikipita upande huo utatuna kwa ulegevu. Ndiyo maana Charles McBurney wa New York, mwaka 1894, aliandika kuhusu njia ya kumfikia mgonjwa wa kidole-tumbo kwa kuitenganisha misuli badala ya kuikata: tabaka la kwanza hufunuliwa kwa mwelekeo wa nyuzi zake, la pili kwa mwelekeo wake, la tatu vivyo hivyo, kama mtu anayepenyeza mkono kati ya miyaa ya mkeka. Ukiutoa mkono, nyuzi hurudi mahali pake. Neva hizohizo pia ndizo zinazofanya tumbo liwe gumu kama ubao pale usaha au uchafu wa utumbo unapomwagika ndani. Wauguzi waliopo hapa wanajua kwamba tumbo la namna hiyo halisubiri asubuhi.

Na mkaja? Nimeona kinamama wawili wakinong'onezana, nadhani ndilo swali. Pwani, mzazi hufungwa mkaja kiunoni baada ya kujifungua, na heshima ya kitambaa hicho ni kubwa kiasi kwamba katika mahari kuna fungu la mama wa bibi harusi linaloitwa kwa jina hilo. Mimba huutanua mstari mweupe na kuitenganisha misuli ya wima. Kwa wanawake wengi nafasi hiyo hupungua yenyewe katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa. Mkaja humpa mzazi egemeo anapoinuka na anapokohoa, na hilo si dogo. Ila nyuzi hurudishwa na mwili. Tena nafasi hiyo si ngiri, maana hapo mshono umetanuka, haujatoboka.

Hoja ya tatu: ngiri ni suala la mlango

Kila ukuta wenye manufaa una milango. Wa kwanza ni kitovu, alikopita mgeni muhimu kuliko wote, yaani kamba ya kitovu iliyotulisha. Baada ya kuzaliwa tundu lake hujikaza, lakini kwa watoto wengi wa Kiafrika huchelewa, na kitovu hutokeza kama kidole mtoto anapolia. Mengi ya matundu hayo hujifunga kabla ya mtoto kufika miaka minne au mitano. Ndipo sarafu iliyofungwa juu ya kitovu kwa kitambaa hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na kano.

Mlango wa pili ni ushoroba wa kinena, nao unastahili tuukalie kidogo. Korodani za kijusi cha kiume huanza nyuma ya tumbo, karibu na figo. Katika miezi ya mwisho ya mimba hushuka zikiupenya ukuta kuelekea mfukoni mwake, zikitanguliwa na kifuko chembamba cha utando unaolizunguka tumbo kwa ndani. Kwa kawaida kifuko hicho hufungika baadaye. Njia inayobaki, yenye kamba ya mbegu na mishipa ya damu, kwa mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 4, na usanifu wake ni wa kustaajabisha. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya mawe ya Lamu anakumbuka kwamba hupiti kutoka daka, baraza ya mlangoni, hadi ndani kwa mstari mmoja: unaingia tekani, ukumbi mdogo nyuma ya mlango, unageuka, ndipo unafika kiwanda, yaani ua wa ndani. Mpita njia hata akichungulia haoni watu wa nyumbani. Ushoroba wa kinena umejengwa hivyohivyo. Tundu la ndani na tundu la nje hayatazamani, na njia kati yake huenda mshazari. Shinikizo likipanda tumboni, ukuta wa nyuma wa ushoroba hubanwa kwenye ukuta wake wa mbele, na nyuzi za msuli wa kati zilizopinda juu yake kama tao hushuka kuufunika. Kikohozi kinachotaka kuufungua ndicho kinachoufunga. Kwa mtoto mchanga kona hiyo bado haijajengwa vizuri. Matundu mawili karibu yanatazamana, na kifuko kikibaki wazi utumbo hushuka moja kwa moja.

Kwa hiyo kuna njia mbili za ngiri ya kinena. Moja hufuata ushoroba wote, daka na tekani, mara nyingi ndani ya kifuko cha tangu kuzaliwa. Nyingine huvunja ukuta wa nyuma wa ushoroba uliochakaa kwa miaka, na hiyo ni ya watu wazima zaidi. Hesabu za Uingereza zilikadiria kwamba karibu mwanamume 1 kati ya 4 hupasuliwa ngiri ya kinena maishani mwake, na wanawake kama 3 kati ya 100. Tofauti hiyo kubwa ni gharama ya safari ya korodani. Lakini wanawake wasitulie mapema: chini kidogo, kando ya mshipa mkubwa wa damu wa mguu, kuna mlango wa tatu, mwembamba wenye kingo ngumu, na ngiri ya hapo huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Uvimbe wake waweza kuwa mdogo kama kokwa ya tende, na ndiyo inayonyonga utumbo kwa wepesi kuliko zote.

Sasa mapingamizi. La kwanza: ngiri huletwa na kubeba mizigo. Ingekuwa gunia ndilo chanzo pekee, wachukuzi wote wa Kariakoo wangekuwa nayo na makarani wote wangesalimika. Tunajua sivyo, tunajua watoto wasiobeba kitu huzaliwa nayo, na tunajua huandama koo fulani. Mzigo huusukuma mlango ambao tayari una kasoro. Simkatalii mchukuzi haki ya kulalamika. Nakataa tu kwamba kumpa mtu kazi ya kukaa kutaliziba tundu lake. La pili linatoka kwa wenye mazoezi: misuli ikiimarika, ngiri itarudi. Tundu haliko kwenye nyama, liko kwenye kano na utando, na kano iliyotoboka haijisuki upya kwa sababu jirani yake amenenepa.

La tatu ndilo zito, maana limo katika lugha yetu. Ngiri huitwa mshipa. Lakini mshipa ni njia ya damu, mshipa ni neva, na kwa wengine busha pia ni mshipa. (Ngiri mwenyewe, bila shaka, ni mnyama wa porini mwenye pembe za kinywani, ila huyo hatuchanganyi.) Neno moja likibeba mizigo minne, mgonjwa hupelekwa kusikostahili. Anayeamini kwamba mshipa umeshuka hutafuta dawa ya kuupandisha, akanywa jioni, akalala, na asubuhi uvimbe umepotea. Umepotea kwa sababu amelala: utumbo hurudi ndani mwili ukilazwa. Akisimama hadi adhuhuri, unashuka tena, na dawa inaongezwa. Nitaambiwa wazee walitibu na watu walipona. Sikatai kwamba walipata nafuu. Nauliza nafuu hiyo ilidumu wamesimama?

Kulitenganisha busha na ngiri hakuhitaji mashine. Mgonjwa husimama, na mpimaji hujaribu kuushika uvimbe kwa juu kwa vidole viwili. Vidole vikikutana juu yake, uvimbe umeanzia mfukoni, huenda ni busha; tochi ikiwekwa nyuma yake gizani, maji hupitisha mwanga mwekundu. Vidole visipokutana kwa sababu uvimbe unaingia tumboni, na ukigonga kidole mtu akikohoa, hiyo ni ngiri. Ikiwa imekuwa ngumu, inauma, hairudi, na mwenyewe anatapika wala hapati upepo, basi mlango umenyonga utumbo, na kinachohesabiwa ni saa.

Hoja ya nne: tiba ni ya fundi

Katika miaka ya 1880 Edoardo Bassini wa Padova, Italia, alianza kuujenga upya ukuta wa nyuma wa ushoroba kwa kuvuta tabaka za juu na kuzishona kwenye ukano wa kinena. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mafundi cherehani mlioketi nyuma mnajua kinachofuata: nguo iliyochakaa ukiivuta kingo zikutane, itachanika pembeni mwa mshono. Mnachofanya ninyi ni kutia kiraka. Wapasuaji walilifikia wazo hilo pole pole, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 wavu laini wa plastiki ulianza kuwekwa juu ya tundu bila kuvuta kitu. Mwili huzipitisha nyuzi zake ndani ya matundu ya wavu, na kiraka kikawa sehemu ya ukuta.

Pingamizi lilikuwa bei. Wavu wa kiwandani uligharimu zaidi ya dola 100, fedha zisizopatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302: nusu waliwekewa wavu wa kiwandani, nusu wavu uliokatwa kwenye kitambaa cha chandarua kisichotiwa dawa ya mbu na kilichosafishwa vijidudu, wa kama dola 1. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mtu mmoja katika kundi la chandarua na hakuna katika kundi jingine. Tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu. Naomba mtu yeyote asiende nyumbani akakata chandarua chake. Chenye dawa hakifai, na kusafisha kuna masharti yake.

Hata mshono wa kuufunga mkato wa katikati una funzo la ushonaji. Uholanzi walilinganisha wagonjwa 560, matokeo yakachapishwa 2015: walioshonwa kwa hatua ndogo za milimita 5, na walioshonwa kwa hatua za sentimita nzima. Baada ya mwaka ngiri ya kovu ilikuwa imewapata 13 kati ya 100 wa hatua ndogo, na 21 kati ya 100 wa hatua kubwa. Hatua ndogo huchukua dakika chache zaidi. Naona mafundi wanatabasamu.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimalizie na yanayokuja. Jaribio la Uganda linangoja kuigwa kwa uangalifu katika hospitali zetu za wilaya, na linahitaji wauguzi wa vyumba vya upasuaji waliofunzwa kusafisha wavu kuliko linavyohitaji fedha. Walimu wa vyuo vya afya wanaweza kuanza muhula ujao kwa kuleta mkeka darasani na kuwaonyesha wanafunzi miyaa, ukili na maungio kabla ya kufungua kitabu. Wataalamu wa istilahi nawaomba watupe maneno manne kwa vitu vinne ambavyo leo vinaitwa mshipa, na wawaulize wakunga na wavuvi kabla ya kuwauliza madaktari. Mezani pale nimeweka ukili mbichi na kipande cha wavu. Baada ya maswali, karibuni mvivute kwa mikono yenu, kwanza kwa kufuata nyuzi, halafu kwa mshazari.